Mtoto wa P4 amenyamaza darasani, nimhamishe?

Mama_Iganga: Habari zenu ndugu. Binti yangu yuko P4, darasa la nne la msingi hapa Uganda. Alipokuwa P3 ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyosha mkono. Sasa mwalimu anasema hatoi sauti kabisa, na daftari la sayansi lina maswali aliyoyaacha wazi, ilhali ukimwuliza nyumbani anayajua. Shule imemvunja moyo? Nimhamishe?

Mkufunzi_Busoga: Mama, usimhamishe kwanza. Angalia lugha. Kwa mtaala wa mada ulioanza 2007, ambao huchanganya masomo chini ya mada moja, shule za vijijini hufundisha P1 hadi P3 kwa lugha ya eneo, kwenu ni Kisoga, na Kiingereza huwa somo tu. P4 ni mwaka wa kuvuka: masomo yanaachana, sayansi inasimama peke yake na vitabu vinakuwa vya Kiingereza. Ujuzi anao, maneno ndiyo hana.

Mpime hivi. Mwulize swali lilelile kwa Kisoga, halafu kwa Kiingereza. Akijibu kwa Kisoga na kukwama kwa Kiingereza, shida ni lugha. Akikwama kote, hajaelewa somo. Na masikio usiyasahau: simama nyuma yake kwa umbali wa mkono mmoja, azibe sikio moja, umnong'onee maneno matatu ayarudie, kisha sikio la pili. Asiyesikia vizuri akikaa nyuma kwenye darasa la watoto themanini ataitwa mzito bure.

Mwalimu_wa_P4: Nakubaliana na mwenzangu. Kazi ya nyumbani ni dakika kumi tu. Aya moja ya sayansi isomwe kwa sauti mara tatu: ya kwanza pamoja na kaka au dada yake mkubwa, ya pili peke yake, ya tatu afunge kitabu aeleze, hata akichanganya Kisoga. Msimkatize. Chagueni kosa moja mumsahihishe mwishoni. Akikosolewa kila neno, atajifunza kuwa kunyamaza ndiyo salama.

Mwalimu naye mwombe "swali la kesho": jioni amtajie swali atakalomwuliza asubuhi. Baada ya wiki mbili amtajie mada tu, baadaye asimtajie chochote. Mwalimu akiona ni upendeleo, pendekeza afanye hivyo kwa watoto watano wanyamavu. Uliza pia kama darasani bado kuna kile kibao cha kumvalisha shingoni anayeponyokwa na lugha ya nyumbani. Kama kipo, hapo ndipo sauti ilipopotelea. Na kama kuna kiboko, Sheria ya Watoto ilirekebishwa 2016 na kukikataza shuleni. Liseme hilo kwa mwalimu mkuu, kwa upole.

Baba_Kwaya: Msije mkamsukuma azungumze paredini, mbele ya shule nzima iliyojipanga, wiki ijayo ati ajizoeze! Aanze kwaya, sauti yake ifunikwe na za wenzake. Halafu shairi la watu wawili. Kusoma habari paredini kuje mwisho: sentensi tano, kila moja mstari wake, kwa herufi kubwa. Wengi huanguka kwa sababu wamekariri yote. Neno moja likipotea, yaliyobaki yanalifuata. Akariri sentensi ya kwanza tu, zingine asome. Amtazame mtoto wa mstari wa nyuma kabisa, sauti itapanda yenyewe.

Mama_Iganga: Asanteni sana. Ila kaka mkubwa hana, na Kiingereza mimi mwenyewe sikijui.

Mwalimu_wa_P4: Basi ile mara ya kwanza asome na jirani wa P6, hizo mbili akusomee wewe. Halafu mwache akufundishe: maneno matano kila jioni, ayaandike kwa chaki mlangoni, ayatamke, nawe uyarudie. Ukikosea, usijisahihishe haraka. Mpe nafasi akusahihishe.