Baiskeli, boti ya Malindi, kisha treni ya Morogoro: njia ipi ina unafuu?

PedeliZaMwera
Asalaam aleikum wanajamvi. Mwezi wa saba, inshallah, mimi na mdogo wangu tunakusudia kwenda Morogoro. Tutapanda Uluguru mpaka Morningside, kisha tuteremke tushike njia ya Mikumi pole pole. Yangu ni baiskeli ya gia yenye matairi mapana. Yake ni Phoenix ya marehemu babu, ile nzito ya breki za vyuma na keria nyuma. Kuvuka tunavuka kwa boti ya Malindi, hapa Unguja, mpaka Dar, hilo halina mjadala. Kinachonitatiza ni baada ya kushuka Dar. Mmoja ameniambia tupande treni ya umeme, mwengine basi, na ami yangu ameshikilia TAZARA, treni ya Tanzania na Zambia, kwa sababu ndiyo aliyoizoea. Tena sijui nizifungue baiskeli huku Unguja au kule kule. Waliowahi kufanya safari hii nisaidieni, maana tiketi ya boti nataka kukata wiki hii.

FundiWaKwerekwe
Waaleikum salaam. Nianze na hilo la mwisho kwa sababu ndilo linaloharibu safari za watu. Usizifungue Malindi. Baiskeli yenye magurudumu yake inakwenda yenyewe, unaisukuma mkono mmoja na begi mgongoni. Ukishaitia kwenye salfeti imekuwa mzigo, na mzigo unataka hamali: hamali wa Malindi, kisha hamali wa Dar, na kila mmoja bei yake. Juu ya hayo inatupwa chini ya magunia. Mteja wangu mmoja aliniletea baiskeli iliyovuka imefungwa namna hiyo. Kile kipande kinachoshika gia ya nyuma kilikuwa kimepinda kwa ndani, mnyororo unaruka kila akikanyaga. Kukinyoosha kulinichukua asubuhi nzima.

Ivushe nzima. Waombe uifunge mwenyewe kwenye nguzo ya sitaha, kwa mpira wa tyubu iliyokatwa, si kwa kamba ya katani. Mpira unabana hata boti ikiyumba, katani haina mnyumbuko huo. Upande wenye gia uelekee nje, usigusane na ukuta wala na mzigo wa mtu.

Kuifungua, ifungue Dar karibu na stesheni, kwenye kivuli. Spana ya 15 kwa pedeli, basi. Kumbuka pedeli ya kushoto inafunguka kinyume: ukiwa umesimama upande wake, spana unaipeleka kulia. Nimeona watu wazima wanazunguka nayo mpaka wanakata nyuzi. Toa pedeli, geuza usukani ulale sawa na fremu, toa gurudumu la mbele ulifunge ubavuni. Ya gia kama yako ni kazi ya nusu saa kwa mtu asiyezoea.

Phoenix ni habari nyengine. Zile breki za vyuma zimeungana kutoka kwenye usukani mpaka chini, na gurudumu la nyuma linashikwa na nati, keria, na kifuniko cha mnyororo. Huifungui kwa nusu saa, na ukishaifungua bado ni ndefu na nzito. Nakwambia hivi nikiwa naipenda kuliko hizo za gia.

MkaziWaGerezani
Mimi Mpemba naishi Dar, treni hii ya umeme, SGR, naipanda mara kwa mara kwa kazi. Niwape sura yake. Ilianza kubeba abiria Dar hadi Morogoro mwezi wa sita 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Nauli ya kawaida hadi Morogoro ilipangwa shilingi 13,000. Kwa safari yenu uzuri wake mkubwa si mwendo, ni mahali stesheni ilipo. Ukitoka geti la boti unashika Sokoine Drive, Kanisa la Mtakatifu Joseph linabaki nyuma yako, na kabla hujatoka jasho umefika stesheni. Kusukuma baiskeli ni dakika chache tu. Hakuna njia nyengine kati ya hizo tatu inayokuweka karibu hivyo na maji.

Angalieni mambo mawili. Stesheni ina taratibu kama za uwanja wa ndege: mzigo unapita kwenye mashine, na kitambulisho lazima kilingane na jina la tiketi. Kwa hiyo muda wa kufungua baiskeli usiuhesabu ndani ya muda wa ukaguzi, ni saa nyengine kabisa. Halafu, baiskeli nzima yenye magurudumu usitarajie kuingia nayo kwenye behewa la abiria. Siku ya kukata tiketi nenda dirishani, useme una mfuko wa urefu huu na uzito huu, uulize wanaupokeaje. Mimi nimepanda na baiskeli ya kukunja iliyofunikwa vizuri, ikakaa kama begi.

Mkifika Morogoro mtafurahi kuwa nazo. Stesheni iko Kihonda, nje ya mji. Wenzenu wanatafuta bodaboda, nyinyi mnafunga gurudumu mnapiga pedeli mpaka mjini, na Uluguru inaonekana mbele yenu muda wote.

Mbezi_Asubuhi
Nitofautiane kidogo. Basi halihitaji spana. Baiskeli inalazwa kwenye buti ilivyo, unamlipa utingo, mambo yamekwisha. Phoenix ya babu ingekwenda na heshima yake. Kwa nini mtu ajisumbue?

MkaziWaGerezani
Ndugu yangu, kwa aliyeko Mbezi basi ni sawa. Huyu anashuka botini. Stendi ya Magufuli iko Mbezi Luis, zaidi ya kilomita 20 kutoka Kivukoni, kwa Barabara ya Morogoro yenye malori. Ama aziendeshe huko na joto la mchana, ama akodi gari ya kuzipakia. Akifika stendi, sisi wa treni tumeshapita Ruvu.

Mbezi_Asubuhi
Hapo kweli. Lakini kwa Phoenix bado nasimama na basi. Hiyo treni ya umeme haitaipenda.

BintiMkoani
Naomba mnisikilize kuhusu muda, kwa sababu mimi lilinikuta. Mwezi wa saba ni kusi. Bahari ya mkondo wetu wakati huo si ile ya mwezi wa pili. Mwaka jana nilitoka Pemba, nikalala Unguja, nikavuka Dar asubuhi na baiskeli yangu, tiketi ya treni mkononi. Karatasi inasema boti inavuka kwa saa mbili kasoro au mbili kamili, na mimi nikaweka saa tatu nikaona nimejihifadhi. Boti ilichelewa kutoka, bahari ikawa nzito, na Dar foleni ya kushusha mizigo ikasimama: abiria wasio na kitu wanatoka wote, mwenye baiskeli anasubiri mpaka mwisho. Nilifika stesheni treni imeondoka. Nilikaa kwenye ngazi na baiskeli yangu ndani ya salfeti nikalia, siwafichi.

Tangu hapo sheria yangu ni moja: ama navuka kwa boti ya kwanza ya asubuhi na treni naikata ya jioni, ama nalala Dar nipande ya asubuhi. Mwenye baiskeli ahesabu kwamba atakuwa wa mwisho kushuka.

Tena msiiwache chumvi ya bahari ikakaa kwenye baiskeli. Yangu ilikaa mbele kwenye sitaha, mawimbi yakairushia maji njia nzima. Kesho yake mnyororo ulikuwa umeota wekundu, na kila pini ilikuwa inalia. Sasa natembea na chupa ya maji matamu na kitambaa. Nikishuka tu, kabla hata ya kunywa chai, namwagia mnyororo na spoki, nafuta, natia tone la mafuta kila kiungo.

MzeeWaNgambo
Wanangu, mmenikumbusha mbali. Watoto wa leo hawajui kwamba Unguja tulikuwa na reli yetu. Ilijengwa 1905 na kampuni ya Kimarekani, ikitoka hapo Ngome Kongwe, ikipita katikati ya vichochoro vya mji mpaka Bububu, maili 7. Abiria walikoma 1922. Babu yangu alikuwa akisema ng'ombe walikuwa wakikimbilia barazani ikipita.

Kuhusu TAZARA, ami yako hakukosea, ila hiyo ni ya safari nyengine. Haipiti Morogoro mjini. Inatoka stesheni yake Barabara ya Nyerere, mbali na boti, inakwenda Kisaki, Ifakara, Mlimba, Makambako mpaka Mbeya, na reli yenyewe haikomi mpaka Kapiri Mposhi, Zambia, kilomita 1,860. Mtu anayetaka kuzunguka bonde la Kilombero na baiskeli, hiyo ndiyo yake, na ile ni treni ya zamani yenye nafasi ya mizigo. Siku zake si za kila siku, kwa hiyo aulize kwanza stesheni ndipo akate boti. Nyinyi wa Uluguru iwacheni.

PedeliZaMwera
Ahsanteni sana, na Bi Mkoani pole kwa yaliyokufika. Nimekaa na mdogo wangu jana usiku tumeyasoma yote. Basi nimelipenda kwa ajili ya Phoenix, lakini kwenda Mbezi na mizigo baada ya boti hatukuliweza hata kwa maneno. Tumekata shauri: treni, na tutavuka na boti ya saa moja asubuhi, tupande ya jioni. Phoenix itabaki Mwera. Mdogo wangu alinuna kidogo, kwa sababu alitaka kuifikisha Morningside kwa niaba ya babu, lakini rafiki yetu atamuazima ya gia.

Fundi, hiyo ya kuazima sijaijua ilivyo. Naweza kukuletea Jumamosi unionyeshe kuifungua?

FundiWaKwerekwe
Niletee kabla ya adhuhuri, na uje na mdogo wako. Nataka aifungue yeye kwa mikono yake mara mbili mbele yangu, na mara ya tatu bila ya mimi kusema kitu. Njoo na tyubu kuukuu mbili, nitakukatia mipira ya kufungia kwenye boti.