Laki tatu na nusu mkononi: uwinga Kariakoo, mali kauli au belo la mtumba?

Kijana_Tandika:
Wakuu, habari za jioni. Nina stashahada ya biashara, ajira sijapata. Nimejichanga kwa vibarua hadi nikafikisha 350,000. Urari wa hesabu naujua, ila namna ya kumshika mteja aliyesimama mbele yangu sikufundishwa. Nimetajiwa njia tatu: uwinga, yaani kumuuzia mteja bidhaa ya duka la mtu mwingine; mali kauli, yaani kuchukua mzigo kwa ahadi na kulipa ukishauza; au kununua belo, ule mzigo wa nguo za mtumba uliofungwa kwa kamba. Wenye uzoefu, naombeni mnilinganishie.

Winga_wa_Kongo:
Mdogo wangu, anza na uwinga, hela yako usiiguse. Mtaa wa Kongo nina mwaka wa sita. Mteja akitaka raba nyeusi namba 42, duka sina, lakini najua nani anayo. Tajiri, yaani mwenye duka, ananipa kwa 28,000, nauza 35,000, yake inarudi saa ileile, 7,000 ni cha juu changu. Kazi kubwa ni kuyajua maduka: nani ana namba kubwa, nani soli zake zinabanduka baada ya wiki.

Halafu usikimbilie kutaja bei. Mpe kiatu avae, atembee hatua mbili tatu. Akiinama kujiangalia miguu, hapo ndipo utaje. Ubaya wake ni kwamba siku ya mvua kubwa unaweza kurudi na nauli tu.

MamaBlauzi_Ilala:
Mwanangu, uwinga unafundisha mdomo, kubeba hasara haufundishi. Mimi ni mtu wa belo, hapa soko la Karume. Belo langu la kwanza, kilo 45, niliambiwa ni blauzi nyepesi. Nakata kamba, masweta matupu, tena mwezi wa pili na joto hili la Dar! Nililia. Tangu hapo sinunui mzigo kwa maneno. Nakaa pembeni alfajiri wenzangu wakifungua, naangalia kinachotoka kwenye belo zenye alama ileile, ndipo natoa hela.

Na hesabu yake usiikosee. Usigawe bei kwa idadi ya nguo zote. Toa kwanza zenye madoa na zilizochanika, ugawe kwa zilizobaki. Fungu la nguo nzuri nalitaka lirudishe nusu ya mtaji kabla ya adhuhuri, maana jioni wateja wanataka za buku tu. Kwa 350,000 usiingie peke yako, tafuta mwenzako mchangie.

Kijana_Tandika:
Asante sana mama. Na mali kauli je?

Daftari_Dukani:
Hapo niulize mimi, kwa sababu ndiye ninayeitoa. Mgeni simpi. Nampa mtu niliyemwona akizunguka dukani kwangu, na naanza na vipande vitatu. Kauza vingapi si hoja yangu, naangalia karudi saa ngapi. Kuna kijana alirudi jioni na viwili, maboksi hayajakunjika hata kona, akasema "tajiri, hivi vimegoma." Kesho yake nilimpa kumi. Mwingine aliuza vyote siku moja, akalipia kodi ya chumba kwa hela yangu, simu ikazimwa siku nne. Kwa kuuza alikuwa hodari kuliko yule wa kwanza, lakini jina lake nimelikata.

Kila mtu awe na daftari lake: idadi, bei, siku ya kurudisha. Ugomvi wote huanzia kwenye "mbona ulisema elfu kumi na mbili?" Na siku ukinunua taslimu, dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Ukisimamishwa na mzigo njiani bila risiti, faida yote inaishia hapo.

Kwa hiyo namuunga mkono winga. Uwinga ndio unaokufanya ujulikane, mali kauli inakuja nyuma yake.

MamaBlauzi_Ilala:
Sawa, lakini ajiwekee mwisho. Wapo mawinga niliowakuta pale wakiwa vijana, leo wana watoto watatu na bado wanakula cha juu cha siku. Jipe miezi mitatu mwanangu, ukishajulikana hamia kwenye mzigo wako.

Winga_wa_Kongo:
Hapo mama kanigusa, na ni kweli. Mimi mwenyewe mwaka huu nimeanza kuchukua mzigo.

Kijana_Tandika:
Nimewaelewa wakuu. Jumatatu naanza Kongo. Mama, naweza kuja Karume siku moja nikae pembeni mkifungua?

MamaBlauzi_Ilala:
Njoo Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri. Vaa viatu vya kufunga, na ile hela iache nyumbani.