Kurekebisha jeni za binadamu: tupime maendeleo kwa kipimo gani?

Mama Rukia
Ndugu zangu, Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza ya kuhariri jeni kwa mbinu ya CRISPR, inayokata jeni mahali palipokusudiwa kama mkasi, na Marekani ikafuata Desemba. Ni tiba ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi alio nao binti yangu. Wako wanaosema binadamu sasa anaingilia kazi ya Mwenyezi Mungu, na wako wanaosema hajapata kupiga hatua kubwa kuliko hii. Je, ni kwa kipimo gani tutajua kuwa haya ni maendeleo?

Mtu wa Maabara
Mama Rukia, pole kwa kuuguza. Tutenganishe mambo mawili. Katika Casgevy, seli mama za damu za mgonjwa mwenyewe hutolewa na kuhaririwa kwenye jeni iitwayo BCL11A, kisha hurudishwa mwilini ili zitengeneze tena himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ya aina aliyokuwa nayo tumboni mwa mama yake, ambayo haina kasoro ya selimundu. Mabadiliko hayo watoto wake hawayarithi. He Jiankui wa China, aliyetangaza mwaka 2018 kuzaliwa kwa mapacha aliowahariri jeni wakiwa bado viinitete, aligusa hata vizazi vitakavyotoka kwao, na mahakama ilimfunga miaka 3. La kwanza naliita tiba. La pili siwezi kuliita maendeleo.

Jirani wa Ziwa
Naongezea hapo. Mwaka 1954 Anthony Allison, kutokana na utafiti wake Afrika Mashariki, alionyesha kwamba aliyerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga kwa kiasi fulani dhidi ya malaria. Anayetaka kuifuta katika koo zetu kwa kuiita kasoro, kwanza aimalize malaria.

Shangazi Mtu
Yote ni kweli, lakini mimi nauliza inamfikia nani. Bei ya Casgevy iliyotangazwa Marekani mwaka 2023 ilikuwa dola milioni 2.2, na kabla ya kurudishiwa seli mgonjwa hupewa dawa kali zinazoweza kumwondolea uwezo wa kuzaa, ilhali watoto wengi zaidi wenye selimundu huzaliwa Afrika, kusini mwa Sahara. Mtoto wa kaka yangu humeza haidroksiyurea, kidonge cha kupunguza makali ya selimundu, kila siku, na tangu aanze, mikesha ya kumkanda miguu kwa maji ya moto imepungua sana. Lakini dawa ikikosekana hospitali, kaka hulazimika kuinunua dukani, na kuna miezi hana uwezo. Kuhariri jeni sikupingi. Ninachodai ni kwamba wanaohesabu maendeleo wahesabu pia kila mtoto mchanga aliyepimwa selimundu kabla hajatoka wodi ya wazazi, na kila mwezi ambao kidonge hicho kilipatikana.