Kibanja cha babu Masaka: mibuni mizee ing'olewe au ikatwe?

Mjukuu_Nansana: Shikamooni wakubwa. Nahamia kwenye kibanja cha babu (shamba lililo kwenye ardhi ya mmiliki mwingine), Masaka, Uganda, ekari mbili. Kuna robusta iliyozeeka, migomba ya matoke iliyosongamana, mituba miwili (ile miti ya nguo za gome) na makaburi ya ukoo. Ndugu zangu wanataka tufyeke vyote tupande mikaratusi. Nianzie wapi?

Mzee wa Buddu: Marahaba. Kabla ya jembe, tafuta risiti za busuulu, ile kodi ndogo ya mwaka anayolipwa mwenye ardhi. Kwenye ardhi ya mailo (umiliki wa kudumu wa Buganda), tangu marekebisho ya sheria ya 2010, mwenye kibanja halali huondolewa kwa amri ya mahakama tu, tena kwa kosa la kutolipa busuulu. Risiti mpya ziandikwe jina la mrithi, si la marehemu.

Mama Kahawa: Usiing'oe, mwanangu! Kwanza kwangua gome chini ya shina. Ukikuta mti wa ndani una weusi wa samawati, huo ni mnyauko, hauna dawa. Ng'oa, choma palepale. Ukiuburuta hadi jikoni uwe kuni, unaupitisha ugonjwa kwenye mibuni mizima. Panga nalo lipite motoni. Mapengo yajaze kwa miche ya KR, ile robusta ya kituo cha utafiti cha Kituza, Mukono, inayostahimili mnyauko.

Iliyo mizima, baada ya mavuno makubwa, ikate kwa msumeno sentimita 30 kutoka ardhini. Mkato uwe wa mshazari. Ukiwa bapa maji hutuama na kisiki huoza. Bakiza shina moja bila kulikata, la kupumulia, utaliondoa machipukizi yakishika. Yatatoka mengi: acha matatu ya pande tofauti, mengine yabandue kwa mkono. Kata theluthi moja tu kila mwaka, kwa sababu kisiki hukaa miezi 18 hadi 24 bila kuzaa, na karo hazingoji.

Mjukuu_Nansana: Asante mama. Migomba je?

Mama Kahawa: Kila shina libaki na mgomba mama, chipukizi binti na chipukizi mjukuu, basi. Chane ya mwisho ikishatokea, lile ua la zambarau livunje kwa mti wenye panda. Wadudu huleta mnyauko wa bakteria kupitia hapo, na panga huusambaza.

Fundi Lubugo: Mituba usiitie shoka. Kwa Waganda hata tawi la ukoo huitwa mutuba! Gome la kutengenezea nguo huchunwa mara moja kwa mwaka, wakati wa mvua, linapoachia kirahisi. Kwangua ngozi ya nje, kata mviringo chini na juu, pasua wima, kisha chuna kwa kabari ya mgomba. Chuma kikijeruhi mti wa ndani, gome jipya hutoka na makovu. Funga shina kwa majani ya mgomba siku hiyohiyo. Ufundi huu wa nguo za gome UNESCO iliutambua 2005, nyie mnawaza mikaratusi inayonyonya maji ya matoke! Ukitaka mituba zaidi, chomeka tawi nene mvua zikianza. Huota lenyewe, hata kandokando ya makaburi.