Naomba ushauri: mchicha umedumaa, konokono wanamaliza sukuma wiki

Wakuu, habari zenu. Niko Leicester, Uingereza, nimekodi kipande cha shamba cha halmashauri. Mwishoni mwa Aprili nilisia mchicha, mbegu za mama kutoka Moshi. Umeota, lakini leo wiki ya nne miche haijazidi kidole na majani yana unjano. Jua linazama saa tatu usiku, ila baridi ya usiku bado nyuzi 6 au 7. Nifunike kwa nailoni au nisie upya Juni?

Sukuma wiki ilikwenda vizuri mpaka konokono walipoivamia, hasa wale wasio na gamba. Nilimwaga majivu, mvua ikayasomba usiku uleule. Sumu sitaki, watoto wanachuma wenyewe. Mnaolima huku mnafanyaje?