Tupeane uzoefu: sauti iliyorekodiwa imegusa vipi maisha yako?

Sikio la Tatu (mleta mada)
Wadau, jana nimesikiliza sauti ya mtu akiimba mwaka 1860. Mfaransa Édouard-Léon Scott de Martinville alikuwa na chombo cha kuchora mawimbi ya sauti kwenye karatasi iliyopakwa masizi. Alitaka sauti ionekane kwa macho tu, njia ya kuisikiliza tena hakuwa nayo. Karatasi ilikaa kimya mpaka 2008, wataalamu wakaigeuza kuwa sauti kwa kompyuta. Edison ndiye aliyerekodi na kusikiliza papo hapo, mwaka 1877, kwa sindano na karatasi ya bati. Kabla yake hakuna binadamu aliyewahi kumsikia marehemu akiongea tena. Hilo limeninyima usingizi. Njooni na ya kwenu, kwenye muziki na hata nje ya muziki.

Nyuzi Sita
Mkuu, mimi gitaa nimefundishwa na redio kaseti. Mwalimu sikuwa naye. Nabonyeza, nasikiliza kipande, narudisha nyuma, napapasa nyuzi, narudisha tena, mpaka utepe unaanza kuyumba na wimbo unashuka sauti. Kila pambo la yule mpigaji nililijua. Miaka ikapita, akaja kupiga jukwaani, nikasimama mbele kabisa. Akapiga solo tofauti kabisa, na tamu kuliko ile! Watu wakaguna, wengine wakapiga kelele kwamba anaharibu wimbo. Mwenye wimbo wake! Kaseti ilikuwa imeshageuka ndiyo wimbo wenyewe, na yeye akawa kama mtu anayejiiga vibaya. Iliniuma sana.

Bi Mtulivu
Hili la Nyuzi Sita nimeliona kwa macho yangu. Mashabiki wanataka neno kwa neno.

Mzee wa Santuri
Wanangu, mnasahau kwamba hata urefu wa wimbo uliamuliwa na santuri. Sahani ya inchi 10 inayozunguka mara 78 kwa dakika ilibeba kama dakika tatu kila upande, basi. Watu waliozoea kuimba mpaka wasikilizaji wachoke walilazimika kukata beti, kukata kibwagizo, kuanza na kumaliza kwa kuangalia saa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, taarabu nayo ilibidi iingie kwenye kipimo hicho hicho. Leo sahani hiyo imepitwa na wakati, lakini wimbo wa redioni bado unacheza karibu na dakika tatu au nne!

Jingine: kabla ya 1925 kurekodi kwa umeme na kipaza sauti kulikuwa hakujaingia kazini. Mnaimbia ndani ya pembe kubwa, nguvu ya sauti yenyewe ndiyo inayosukuma sindano ichimbe mfereji. Mwenye tarumbeta anasogezwa ukutani, fidla anaingizwa karibu na mdomo wa pembe, ngoma inaachwa nje maana inarusha sindano. Mwimbaji akifika sauti ya juu anarudi nyuma hatua mbili. Kilipokuja kipaza sauti ndipo mtu akaweza kuimba kwa kunong'ona na akasikika. Mapenzi ya kwenye nyimbo yalibadilika hapo.

Tarumbeta Kongwe
Mzee, shikamoo. Umeeleza vizuri, ila umeruka machungu. Nimepiga kwenye bendi za harusi ujana wangu wote. Walianza kutuita tupige nusu ya shughuli, nusu nyingine santuri. Halafu wakatuita kwa maarusi kuingia tu. Halafu simu ikanyamaza. Mtunzi wa muziki Mmarekani, John Philip Sousa, alionya toka 1906 kwamba muziki wa mashine utawafanya watu waache kujifunza vyombo. Mwaka 1942 chama cha wanamuziki Marekani kiligoma kurekodi kabisa, mgomo ukafika 1944. Waliona mbali. Nyumba zilizokuwa na mtu wa kuimba jioni sasa zina spika.

Dada Kanda
Kaka yangu, pole, lakini sikubali. Bila kurekodiwa ni nani angekusikia nje ya ukumbi ule? Mimi sijawahi kuingia ukumbini, nyumbani kwetu msichana hakuruhusiwa. Muziki wote ninaoujua umenifikia kwa kaseti, nasikiliza kwa sauti ya chini, sikio limebanwa kwenye spika. Msiseme kurekodi kuliua muziki. Kwangu kuliuleta.

Tarumbeta Kongwe
Wewe umeletewa muziki, mimi nimepokonywa mkate. Yote mawili ni kweli, lakini anayekumbukwa ni msikilizaji tu.

Dada Kanda
Hapo kwenye mkate nimekuelewa. Hapo kwenye "kuliua" bado.

Mama Wawili
Nilipita tu, nimeshindwa kunyamaza.

Baba alifanya kazi mbali nasi. Barua hakuzipenda, alikuwa anarekodi kaseti na kumpa mtu anayekuja huku. Tunakaa chini, mama anaiweka, baba anaongea. Anauliza habari, anakaa kimya kidogo kana kwamba tunajibu, na sisi kweli tulikuwa tunajibu! Alipofariki ilibaki kaseti moja tu, ya dakika 60, ina mwandiko wake wa kalamu ya bluu. Mama aliifunga kitambaa akaiweka kabatini. Akizidiwa aliitoa usiku.

Shemeji akaja kukaa kwetu. Siku moja alikosa kaseti tupu na mpira unatangazwa redioni. Akachukua ile. Wanaozijua kaseti wanajua vile vijino viwili vya juu: ukivivunja, mashine haikubali kurekodi. Baba alikuwa amevivunja. Shemeji alikunja karatasi akaziba matundu.

Usiku mama akaiweka. Baba akakohoa, akauliza "Inachukua hii?", akaanza kutusalimia watoto mmoja mmoja kwa majina. Jina la kwanza, la pili, la tatu. Halafu "tak!", na mtangazaji wa mpira anapiga kelele za goli. Mama hakulia. Alidhani amekosea upande, akaigeuza. Upande wa pili nao mpira. Akairudisha, akaigeuza tena. Shemeji anamwambia, "Si kaseti tu, nitakununulia nyingine."

Mimi ni wa nne. Jina langu ndilo lililofutwa.

Bi Mtulivu
Nimesoma nimesimama, nimeketi. Pole sana dada.

Nyuzi Sita
Mimi huyo shemeji angehama usiku ule ule.

Mtu wa Amani
Tusimhukumu. Kaseti tupu zilikuwa hazishikiki, kila mtu alirekodi juu ya nyingine.

Dada Kanda
Mtu wa Amani, karatasi ilikunjwa ikazibwa kwenye tundu! Hiyo siyo bahati mbaya. Mwenye kaseti alishasema "usiguse" kwa kuvunja vijino.

Bonyeza Hapa
Dada, kuna programu zinarejesha kilichofutwa. Tafuta mtu akufanyie.

Fundi Vichwa
Bonyeza, usimpe dada matumaini hewa. Kwenye redio kaseti utepe unapita kichwa cha kufutia kwanza, ndipo unafika cha kurekodia. Kilichokuwepo kinafutwa kabla kipya hakijaandikwa. Asilipe mtu yeyote kwa hilo. Afanye haya: aitoe karatasi ile kwenye matundu leo leo, na zile sekunde ahamishie kwenye kompyuta, nakala zikae sehemu tatu tofauti.

Mzee wa Santuri
Na kaseti aizungushe yote mbele na nyuma kila mwaka, utepe usigande.

Fundi Vichwa
Mzee, kwa heshima, hiyo ya kwake asiizungushe ovyo. Kila mzunguko ni hatari ya kukatika au kuliwa na mashine.

Mtu wa Amani
Wengine huweka kwenye friji.

Fundi Vichwa
Friji hapana! Unyevu unaleta ukungu. Pakavu, pasipo jua, mbali na spika maana zina sumaku. Mama Wawili, kaseti husikika vizuri zaidi kwenye mashine iliyoirekodi, kwa sababu vichwa vya mashine mbili havilali sawasawa. Ile redio aliyotumia baba ipo?

Mama Wawili
Ilirudi na mizigo yake. Mama anayo mpaka leo, ila haizungushi. Motaa inalia, kaseti imesimama.

Fundi Vichwa
Motaa ikilia ni dalili nzuri, huenda ni mikanda ya mpira ndani imelegea au imeyeyuka kama lami, na hiyo inabadilishwa. Usiijaribu kwa kaseti ya baba, weka nyingine yoyote. Fungua mfuniko wa nyuma, tuma picha ya upande wenye motaa.