Naomba ushauri: mwenzetu wa kikoba ameitwa mgeni

Ndugu zangu, mimi ni katibu wa kikoba cha akina mama huku Mikindani, Mtwara. Sanduku letu lina kufuli tatu, na ufunguo mmoja kwa miaka minne umeshikwa na mama wa Kimakonde aliyezaliwa ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Msumbiji. Mwezi uliopita, tulipomaliza kuhesabu hisa, mwanachama mmoja alisimama akataka ufunguo huo ukabidhiwe "Mtanzania halisi", na wengine wakapiga makofi. Mama yule aliuvua shingoni, akauweka juu ya daftari, akaondoka bila neno. Fedha zetu hazijawahi kupungua hata shilingi mikononi mwake.

Naielewa hofu ya wenzangu tangu mapigano ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, yaanze mwaka 2017, lakini Wamakonde wako pande zote mbili za mto, na Nachingwea, hapo Lindi tu, ndiko wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walikofunzwa kabla ya uhuru wa nchi hiyo mwaka 1975. Nakumbuka pia Mei 2008 kule Afrika Kusini, ambako zaidi ya watu 60 waliuawa katika ghasia dhidi ya wageni. (Huenda nakuza mambo.)

Je, niitishe kura, nikijua kwamba walio wengi watamkataa, au nisimamie katiba ya kikundi, ambayo haitaji uraia popote? Na nimwendee vipi mwenyewe, ambaye hajarudi kikaoni hadi leo?